Vishvamitra: mwami aliyetamani ng'ombe ya mzee wa sala

Mu inchi ya India, mamilioni ya watu wanaamka mbele jua halijatoka. Wanaoga, wanageukia mashariki, wengine wanakamata maji mu mikono miwili na kuyaacha yaanguke polepole. Kisha wanasema sala moja fupi sana. Ile sala iko na silabi 24 tu, mu mistari mitatu. Mtu akiisema bila haraka, nusu dakika haijapita amekwisha maliza. Lakini wengi hawaisemi mara moja. Wanairudilia mara 10, ao mara 108, wakihesabu kwa shanga. Wanaiita Gayatri, na kwa Wahindu hakuna mantra yenye kuheshimiwa kuipita.

Mbele ya kuanza, mwenye kufuata desturi ya zamani anataja kwanza mambo matatu: jina la mzee aliyeipokea ile sala, jina la mtindo wake wa ushairi, na jina la mungu anayeombwa. Anapotaja mzee, anagusa kichwa chake. Anapotaja mtindo, anagusa kinywa. Anapotaja mungu, anagusa kifua, pale moyo uko. Yule mzee wa kichwani ni Vishvamitra.

Sisi watu wa mashariki ya Kongo tunawajua Wahindi kwa biashara, na tunawajua kwa askari wao waliotumika miaka mingi mu Kivu ya Kaskazini chini ya Umoja wa Mataifa. Lakini huyu mzee, ambaye jina lake linatajwa kila asubui kule kwao, kwetu hajulikani. Na maisha yake yanafaa kusimuliwa huku, juu yanaanza na mwami, jeshi, na ng'ombe ya mtu mwingine.

Wakati gani, na tunamjua namna gani

Vishvamitra ni mtu wa zamani sana. Ile sala yake iko mu Rigveda, mukusanyo wa nyimbo takatifu 1,028 zilizopangwa mu vitabu 10. Wataalamu wengi wanasema zile nyimbo zilitungwa kati ya mwaka 1500 na mwaka 1000 mbele ya Kristo, kule kaskazini-magaribi ya India, mu eneo la Punjab. Hazikuandikwa wakati ule. Baba alimfundisha mtoto kwa kinywa, silabi kwa silabi, mtoto akamfundisha mjukuu, na hivyo zikafika mpaka leo. Mu mwaka 2003, UNESCO ilitambua ile namna ya kusema Veda kwa kinywa kuwa urizi wa wanadamu wote.

Kitabu cha tatu cha Rigveda ni cha Vishvamitra na jamaa yake. Mu kile kitabu tunamuona akiwa safarini pamoja na kabila la Wabharata, na magari yao ya kukokotwa na farasi. Wanafika pale mito mbili inakutana, Vipash na Shutudri, ile inaitwa leo Beas na Sutlej. Maji yamejaa. Vishvamitra anazungumuza na mito kama vile mtu anazungumuza na wamama wawili: anawaomba kwa heshima wajishushe kidogo, watu wapite. Mito inakubali, na Wabharata wanavuka.

Yale ni ya Rigveda. Habari za maisha yake, tangu utawala mpaka uzee, zinatoka mu vitabu vilivyokuja nyuma, zaidi sana Ramayana na Mahabharata. Vile vitabu vinasimulia kwa namna ya wazee: miaka inakuwa maelfu, watoto wanakuwa mia. Msomaji asishangae.

Ng'ombe ya Vasishtha

Vishvamitra hakuzaliwa mu jamaa ya makuhani. Alikuwa mtoto wa mfalme Gadhi, wa ukoo wa Kusha, njo maana wanamuita pia Kaushika. Alirizi kiti cha baba yake, akatawala vizuri miaka mingi. Alikuwa mtu wa vita, mwenye jeshi kubwa, na watoto wanaume mia moja.

Siku moja alikuwa anazunguka inchi pamoja na jeshi lake lote. Akafika mu pori, pale aliishi mzee wa sala jina lake Vasishtha, pamoja na wanafunzi wake. Vasishtha akamkaribisha kwa maji, matunda na mizizi, vile wazee wa pori wanafanya. Mfalme akashukuru na kutaka kwenda. Lakini mzee akasisitiza wale askari wote wakule mbele ya kuondoka.

Jeshi zima, mu pori! Vasishtha akaita ng'ombe yake, Shabala, na kumueleza kama kuko wageni. Ile ng'ombe ilikuwa na uwezo wa kutoa kila kitu bwana wake alihitaji. Ikatoa wali, mchuzi, asali, miwa, vinywaji, mpaka kila askari akashiba.

Mfalme alipoona vile, moyo wake ukageuka. Akaomba yule ng'ombe, akaahidi ng'ombe laki moja kwa nafasi yake. Vasishtha akakatala. Mfalme akapandisha bei: tembo maelfu waliofungwa minyororo ya zahabu, magari ya vita, farasi, ng'ombe milioni kumi. Mzee akakatala tena. Alifasiria kama maziwa na samuli ya huyu ng'ombe njo vinamusaidia kufanya ibada yake yote, na kama maisha yake yenyewe yanategemea ule mnyama.

Hapa Vishvamitra akasema maneno ambayo wenye bunduki wanajua kusema mpaka leo: kitu kizuri kupita vyote mu inchi ni cha mwenye kutawala. Akaamuru askari wamfunge ng'ombe na kumkokota.

Ng'ombe akalia. Akakata kamba, akapita katikati ya askari, akakimbilia miguu ya Vasishtha na kumuuliza kama amemtupa. Mzee akamujibu kama hakumtupa hata kidogo, ila mfalme iko na nguvu ya jeshi. Basi ng'ombe mwenyewe akaomba ruhusa ya kujitetea, na mu mwili wake mukatoka jeshi kisha jeshi. Askari wa mfalme wakaangamia. Watoto wake mia moja wakamrukia mzee na silaha mikononi. Vasishtha akatoa sauti moja tu, na wakageuka majivu. Akabaki mmoja tu.

Asubui ile Vishvamitra alifika na jeshi na watoto. Magaribi alikuwa kama ndege aliyekatwa mabawa. Yote hayo juu ya ng'ombe isiyokuwa yake.

Akatafuta silaha kubwa kupita

Mtu angefikiri somo lilitosha. Hapana. Vishvamitra akamuachia yule mtoto aliyebaki kiti cha ufalme, akapanda mu milima ya Himalaya, akafunga na kusali mpaka mungu Shiva akamtokea. Na alipoulizwa anataka nini, hakuomba amani. Aliomba silaha zote za miungu.

Alipozipata, akarudi moja kwa moja kwa Vasishtha na kuchoma ile makao. Wanafunzi, wanyama, ndege, wote wakakimbia, na pakabaki kimya. Vasishtha akatoka peke yake, akasimama na fimbo yake ya kutembelea. Kila silaha mfalme alitupa, ile fimbo ikaimeza, hata ile ya mwisho inayoogopwa na miungu.

Pale Vishvamitra akashusha mikono. Alitambua kama nguvu ya mpiganaji ni kitu bure mbele ya nguvu ya mtu aliyejitawala. Akakata shauri: yeye pia atakuwa mzee wa sala, tena wa daraja la juu kabisa, lile wanaita brahmarshi, sawasawa na Vasishtha.

Angalia vizuri ile nia. Aliacha jeshi, lakini hakuacha mashindano. Alikuwa angali anapima maisha yake kwa mtu aliyemshinda, na njo sababu njia yake ilikuwa ndefu.

Kupanda na kuanguka

Akaenda kusini pamoja na bibi yake, akakula matunda na mizizi, akafunga miaka elfu moja. Mungu Brahma akamtokea na kumpa cheo cha mzee wa sala wa kifalme. Vishvamitra akasikia haya: kazi yote ile, na angali anaitwa mfalme!

Wakati ule akafika kwake mfalme Trishanku, aliyetaka kupanda mbinguni na mwili wake huu huu. Vasishtha alikuwa amemkatalia. Watoto wa Vasishtha walimlaani, akawa mtu wa kutengwa, na rafiki zake wote wakamkimbia. Vishvamitra akamhurumia. Ni jambo zuri: alipokea mtu ambaye kila mtu alimfunga mlango. Lakini ndani ya ile huruma kulikuwa pia hamu ya kumuonyesha Vasishtha. Akamrusha Trishanku mbinguni kwa nguvu ya mafungo yake. Indra, mkubwa wa miungu, akamsukuma chini. Vishvamitra akamsimamisha katikati, na kwa kasirani akaanza kuumba nyota mpya upande wa kusini. Trishanku akabaki pale, kichwa chini, kati ya mbingu na dunia. Na ile nguvu Vishvamitra alikusanya miaka elfu, ikaisha.

Akaanza tena, mara hii magaribi, ku ziwa la Pushkara. Pale akakutana na kijana Shunahshepa. Mfalme mmoja alitakiwa kutoa mtu kuwa sadaka, akatafuta jamaa maskini yenye watoto watatu. Baba akasema hawezi kuacha wa kwanza, mama akasema hawezi kuacha wa mwisho. Yule wa katikati akajua kama njo yeye ameuzishwa. Alipomuona Vishvamitra, akaanguka mu magoti yake. Vishvamitra akamfundisha maneno ya kusema pale atafungwa ku nguzo. Kijana akayasema, na kamba zikafunguka. Kitabu kingine cha Veda kinasema kama Vishvamitra alimkamata kuwa mtoto wake mwenyewe, tena wa kwanza mu cheo. Watoto wake wakubwa 50 wakakatala kushushwa chini ya kijana aliyenunuliwa, na baba akawalaani. Wadogo 50 wakakubali, wakiongozwa na Madhuchchhandas. Huyu Madhuchchhandas, aliyekubali kumuita mgeni ndugu, njo mwenye nyimbo zile zinafungua Rigveda yote.

Kisha akaja Menaka, mwanamke wa mbinguni, kuoga mu ziwa. Vishvamitra akaishi naye miaka kumi, na ikapita kama siku moja. Alipotambua kama ametumwa kumuangusha, akamuacha kwa upole, akaenda zake kaskazini. Mtoto wao msichana, Shakuntala, aliachwa mu pori na kulelewa na mzee mwingine. Yeye njo mama ya Bharata, na ni kwa jina la Bharata Wahindi wanaita inchi yao Bharat mpaka leo.

Miungu wakamtuma mwingine, Rambha. Mara hii hakutamani. Alikasirika, akamgeuza kuwa jiwe. Na alipotulia akaona amepoteza tena kila kitu. Tamaa alikuwa ameishinda; kasirani ilikuwa ingali naye, ile ile ya siku ya ng'ombe.

Maombolezo ya Vasishtha

Mahabharata inasimulia jambo zito zaidi, na hatuwezi kuliruka. Mu miaka ile ya uadui, mfalme mmoja aliyelaaniwa aliingiliwa na pepo mla watu, na ni Vishvamitra aliyemsukuma juu ya watoto wa Vasishtha. Wote mia moja wakaliwa. Sasa wazee wote wawili walikuwa na makaburi nyumbani.

Vasishtha angeweza kulipiza, nguvu alikuwa nayo. Hakulipiza. Lakini uchungu ulimshinda, akatafuta kufa. Alijitupa ku mlima, akaingia mu moto, bila kufa. Akajifunga kamba na kujitupa mu mto; mto ukamfungua na kumweka ku kando. Tangu ile siku mto unaitwa Vipasha, maana yake mwenye kufungua kamba. Ni mto ule ule ambao, mu Rigveda, ulijishusha ili Vishvamitra avuke.

Mzee alipokuwa anarudi nyumbani, akasikia nyuma yake sauti ya kusema Veda. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa mjane wa mtoto wake wa kwanza, na sauti ilitoka mu tumbo lake: mtoto hajazaliwa na tayari anasoma sala za babu. Vasishtha akaacha kutafuta kufa. Yule mjukuu, Parashara, alipokuwa mkubwa na kujua namna gani baba yake alikufa, akataka kuharibu dunia nzima kwa kisasi. Babu yake njo alimzuia.

Kukubaliwa na adui

Vishvamitra alikwenda mashariki na kuweka ahadi: hatakasirika, hatasema neno. Akakaa miaka elfu kimya. Siku ile mafungo yaliisha, akapika chakula kidogo. Pale pale akafika mwombaji, na kumbe ni Indra amejigeuza. Akaomba kile chakula. Vishvamitra akampa chote, hakubakiza, hakusema kitu. Akarudi mu kimya chake na njaa yake.

Ni mbele ya ile sahani tupu kazi yake ilimalizika. Brahma na miungu wakaja, wakamuita brahmarshi. Lakini Vishvamitra akaomba neno moja la nyongeza: Vasishtha naye akubali. Miungu wakaenda kumuita. Vasishtha akaja, akamuita kwa kile cheo, akafanya urafiki naye. Vishvamitra akampa heshima, mkubwa kwa mkubwa. Ile vita ikaisha pale, bila mmoja kupiga magoti mbele ya mwingine.

Je, yalikuwa maneno ya kinywa tu? Ramayana inatupa jibu. Miaka mingi nyuma, Vishvamitra alifika mu mji wa Ayodhya na kumuomba mfalme Dasharatha mtoto wake Rama, asiyefika miaka 16, akalinde ibada yake mu pori. Dasharatha akatetemeka. Nani angempa Vishvamitra mtoto? Lakini mshauri wa mfalme alikuwa Vasishtha. Yeye njo alimuambia mfalme asiogope, amwachilie Rama aende na huyu mtu. Mwenye alipoteza watoto mia moja alimthibitisha mwenye alihusika na kifo chao. Rama akaenda, akarudi salama na bibi, Sita.

Tena, mu Rigveda yenyewe, wako nyumba moja: kitabu cha tatu ni cha Vishvamitra, kitabu cha saba ni cha Vasishtha. Hakuna anayejifunza Veda yote na kuacha mmoja nje.

Sala ilifungwa, sala ikafunguliwa

Gayatri inaombwa kwa Savitri, jua kama mungu mwenye kuamsha. Maana yake si ngumu: wenye kusali wanaweka fikiri zao ku mwangaza mzuri wa yule mungu, ili yeye asukume akili zao. Hakuna ng'ombe ndani, hakuna watoto mia, hakuna ushindi juu ya adui. Na haisemi akili yangu, inasema zetu.

Lakini watu wanajua kufunga mlango hata wa sala. Kwa karne nyingi, Gayatri ilipewa paka vijana wanaume wa matabaka matatu ya juu, siku ya kuvishwa uzi mtakatifu, mwalimu akiisema polepole ku sikio. Wanawake na watu wa tabaka la chini hawakuruhusiwa, hata kama aliyeipokea mwenyewe hakuwa kuhani wa kuzaliwa.

Mu karne ya 19 Dayananda Saraswati, aliyezaliwa Gujarat mu 1824, alisema waziwazi kama Veda ni ya kila mtu, mwanaume na mwanamke, wa juu na wa chini. Mu 1875 alianzisha Arya Samaj kule Bombay. Alikufa mu 1883, lakini wafuasi wake waliendelea, na Wahindi waliohamia Afrika ya Mashariki wakaileta ile desturi mpaka Nairobi. Leo wanawake wengi wanaisema Gayatri bila kuuliza ruhusa, ijapokuwa bado kuko wanaobisha.

Jina Vishvamitra lenyewe linafasiriwa kuwa rafiki ya wote. Kwa mtu aliyechoma makao ya mwenzake, ni jina zito kubeba. Vitabu vya India havikumsafisha: vilibakiza ng'ombe, moto, laana na watoto waliokufa, na kisha vikaeleza namna alifikia kulistahili.

Kesho mbele ya jua kutoka, kule Punjab ao Bombay, mtu atagusa kichwa chake na kutaja huyu mwami wa zamani. Na wewe msikilizaji, kama mu kijiji chako kuko wazee wawili waliopigana vita kubwa na kisha wakakaa tena ku meza moja, tuletee habari yao. Kizazi kinachokuja kinahitaji kuijua.